Pedali Zisizolala

Kila siku jua likishazama, Chiriku aliweka beseni la maji ya uvuguvugu mbele ya kiti cha mama yake, akatia konzi moja ya chumvi, akakaa kumsubiri. Hakusubiri kimya. Jina la Chiriku hakupewa bure. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na mdomo wake ulifungua kazi kabla ya jogoo na kufunga baada ya taa. Mwalimu wake aliwahi kusema kwamba siku Chiriku atakaponyamaza dakika tano mfululizo, aitwe daktari.

Mama alikuwa mpiga pasi kwa dobi mkubwa aliyefua mashuka ya hospitali. Alitoka nyumbani gizani, akatembea saa nzima na ushei, akasimama mbele ya meza ya pasi mpaka jioni, kisha akairudia njia ileile. Alipofika nyumbani, miguu yake ilikuwa imeumuka kama unga uliotiwa hamira. Aliitumbukiza katika beseni, akafumba macho, na Chiriku akaanza kumhadithia habari za shule: nani kapigana, nani kapatana, na nani kala chaki akidhani haonekani. Mama alicheka pale penye kicheko. Mara nyingine alisinzia katikati ya hadithi, na Chiriku akaimalizia kwa kuliambia beseni.

Zamani haikuwa hivyo. Baba alipokuwa hai, alikuwa tarishi, akipeleka barua kwa baiskeli ya rangi ya samawati. Mama alipanda nyuma asubuhi, akashushwa mlangoni kwa dobi kama mke wa waziri. Siku za mapumziko baba aliwafundisha wote wawili kuendesha, na somo lake lilikuwa moja tu: "Mlimani fanya kazi, mteremkoni pumzisha miguu." Alilirudia mpaka likawa kama wimbo wa nyumba.

Kisha baba akaugua, na ugonjwa ule ulikula kila kitu, mwisho ukala na baiskeli. Siku mnunuzi alipokuja kuichukua, baba alijikokota hadi uani na bisibisi mkononi, akaifungua kengele. "Farasi nimemuuza," alisema, "lakini sauti yake inabaki." Baada ya miezi miwili naye akaondoka. Kengele ikabaki rafuni ndani ya kikopo cha majani ya chai. Chiriku aliifuta kila Ijumaa, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya bila kusema neno.

Mwaka ulipita. Mama alichelewa kazini mara mbili kwa ajili ya miguu, na msimamizi akamwambia kwa upole, jambo ambalo ni baya kuliko kufokewa, kwamba akichelewa mara ya tatu meza yake ya pasi itapewa mtu mwingine. Ndipo ilipofika zamu yake ya kupokea upatu. Jumapili hiyohiyo alimshika Chiriku mkono, wakaenda kwa Fundi Spoku.

Fundi Spoku alikuwa rafiki wa marehemu baba, na Chiriku alimwita baba mdogo. Alikuwa mwembamba hivi kwamba, wateja walisema, akigeuka ubavu duka linaonekana halina mtu. Alimkaribisha mama kwenye kigoda, akasikiliza shida yake mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, kuunga baiskeli kipande kwa kipande kutakula muda na fedha. Chukua iliyotoka kiwandani nzima. Ninazo tatu ambazo mfuko wako hautazilalamikia."

Ya kwanza ilikuwa imetumika, na ilikuwa na gia kumi na nane. Mama aliisifia. Fundi alitikisa kichwa akamwambia kwamba gia kumi na saba zimelala na ya kumi na nane inaumwa. Tena kwa barabara ile, lami tupu na mlima mmoja, gia zote hizo za nini? Kisichokuwepo hakiharibiki. Ndiyo maana alimshauri achague kati ya zile mbili nyingine, zisizo na gia za kubadilisha: meno mbele, meno nyuma, na mnyororo mmoja kati yao, basi.

Ya pili ilikuwa nyeusi, nene, ina breki mbili na karia ya kubebea mzigo. Mama aliisimamia katikati, nyayo zote mbili zikagusa chini vizuri. Haikuwa na uzuri wowote. Ilikaa kama mama mkwe aliyekuja bila taarifa. Lakini ilikuwa tayari, ya kuondoka nayo siku ileile.

Ya tatu ilikuwa ya samawati.

Chiriku alipoiona alisahau kuzungumza. Alishika usukani wake, akaupapasa kwa kidole gumba mahali ambapo kengele ingekaa. Kisha maneno yakamrudia yote kwa pamoja: mama, hii, mama, ni kama ile, tazama, mama, hata ule mstari mweupe upo.

Fundi hakumkatiza. Alipomaliza, aliinua gurudumu la nyuma la baiskeli ile, akalizungusha kwa nguvu. Pedali zikazunguka pamoja nalo, na gurudumu lilivyozidi kwenda, nazo hazikusimama. "Hii, kama ilivyotoka kiwandani, pedali zimeshikana na gurudumu," alisema. "Haina friwili, kile kifaa kinachoacha gurudumu liende huku pedali zimesimama. Ukipumzisha miguu, pedali hazipumziki." Alichukua ufito mkavu akauingiza kwenye njia ya pedali. Ufito ulikatika vipande viwili kabla Chiriku hajapepesa macho. "Vijana wa mashindano wanaipenda hivyo. Wewe shemeji umezoea nyingine."

Akaeleza kwamba dawa yake ni ndogo. Gurudumu lile lilitengenezwa lipokee meno pande zote mbili. Angelifungua, akaligeuza, akafunga friwili upande wa pili, na kuongeza breki. Ila friwili ya saizi ile ingeletwa na muuzaji wa jumla Alhamisi. Baiskeli ingekuwa tayari Alhamisi jioni.

Mama alitazama ile nyeusi, kisha akayatazama macho ya mwanawe. "Siku nne si nyingi," alisema. "Miguu hii imeshatembea mwaka." Akalipa pamoja na fedha ya friwili, wakarudi nyumbani kwa miguu, na Chiriku akizungumza njia nzima.

Siku nne si nyingi kwa anayehesabu. Kwa anayetembea ni nyingi. Jumanne mama alirudi na kisigino kimepasuka. Jumatano asubuhi alivaa kiatu kimoja na kandambili moja, akatania kwamba mguu mmoja unakwenda kazini na mwingine unakwenda sokoni. Chiriku hakucheka. Aliona doa la damu kwenye kandambili, akakumbuka ile baiskeli nyeusi ambayo ingekuwa imeshakuja nyumbani tangu Jumapili, kama si yeye na rangi yake.

Jumatano ile alipotoka shule alikwenda moja kwa moja kwa fundi. Breki zilikuwa zimeshafungwa. Friwili bado. Chiriku alisema mama amemtuma aichukue leo, na huo ulikuwa uongo wa kwanza. Alisema mama anataka tu ilale ndani aitazame, na huo ulikuwa wa pili. Uongo ni kama mbuzi, haukubali kukaa peke yake zizini.

Fundi alikuna kidevu. Alikuwa na gurudumu la mtu mapajani, na mteja mwingine alikuwa amemsimamia kichwani. "Isukume," alisema hatimaye. "Asiipande mtu yeyote. Kesho jioni niletee nimalizie. Mwambie mama hivi: pedali bado hazilali. Sema nikusikie."

"Pedali bado hazilali," Chiriku akasema.

"Usisahau."

"Mimi tena, baba mdogo? Mimi ninasahau kunyamaza tu."

Fundi akacheka, akamwachia.

Chiriku hakusahau. Laiti angesahau, hadithi hii ingekuwa nyepesi. Aliyabeba maneno yale njiani kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Alifika, akaiegemeza baiskeli ukutani, akaitoa kengele kwenye kikopo na kuifunga usukanini kwa bisibisi ya baba. Mama alipoingia, hakuuliza beseni. Alisimama mlangoni na mkoba begani. Akaigusa kengele mara moja, *ring*, akageuza uso upande wa ukuta. Alidhani friwili imewahi kuletwa siku moja kabla.

Sasa nani angesema? Akisema, baiskeli itarudi dukani na kisigino kitarudi barabarani. Chiriku alifungua mdomo mara tatu jioni ile. Mara ya kwanza aliomba chumvi. Mara ya pili alipiga mwayo. Mara ya tatu mama alikuwa ameshalala.

Asubuhi kulikuwa kumeanza kupambazuka. Chiriku alimfungulia mama mlango wa uani. Mama alikuwa amevaa viatu vyote viwili, amekunja sketi vizuri, na uso wake ulikuwa mchanga kuliko jana. Akiwa ameshashika usukani, aligeuka.

"Fundi hakusema lolote?"

Yai lile lilikuwa bado mdomoni. Chiriku akalimeza.

"Alisema safari njema."

Mama akaondoka. Kutoka kwao barabara ilipanda moja kwa moja mpaka kwenye tangi la maji, na mlimani kila mtu hukanyaga bila kupumzika, kwa hiyo mama hakuona tofauti. Alifika juu ya kilima akihema kwa furaha, akapiga kengele. Chiriku aliisikia kutoka uani. Mbele ya mama kulikuwa na mteremko mrefu hadi darajani, upepo ukampiga usoni, na akafanya kama alivyofundishwa na mtu aliyempenda.

Akapumzisha miguu.

Muuza mkate aliyekuwa akipanda mlima ndiye aliyeona na kumwokota. Alisimulia baadaye kwamba pedali zilimrusha miguu, naye kwa mshtuko akabana breki ya mbele kwa nguvu zote, na baiskeli ikamwinua kama ng'ombe anavyomwinua mtu kwa pembe. Zahanati walimfunga hogo la plasta kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevunjika mahali pawili, na upande mmoja wa uso ulikuwa umechubuka wote. Kengele nayo ilikuwa imelala chini ya usukani ulipogonga lami. Ilibonyea kama kikombe cha bati kilichokanyagwa.

Hapo ndipo mjomba alipoingia. Huyu alikuwa kaka wa mama, mpiga plasta, na watu walimwita Spika kwa sababu hakujua kunong'ona, na siri aliyoambiwa yeye ilisikika mtaa mzima. Alikagua baiskeli, akaona hakuna friwili, na friwili ililipiwa. Hakuhitaji zaidi. Alitangaza bombani, akatangaza kwa kinyozi, akatangaza kwenye mashine ya kusaga, kwamba Fundi Spoku kala fedha ya mjane na kumuuzia kifo cha rangi ya samawati. Aliyekuwa hajasikia alikuwa kiziwi, na hata viziwi walifahamishwa kwa mikono.

Chiriku alisikia yote. Alikaa kando ya kitanda cha mama, akimlisha uji kwa kijiko, na hakusema kitu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jirani mmoja alimuuliza kama koo linamuuma. Msimamizi wa dobi alituma salamu na ujumbe kwamba meza ya pasi itamsubiri mama mpaka mwisho wa mwezi, lakini hogo lingetolewa baada ya wiki sita. Mama aliusikiliza ujumbe huo, akaomba ageuziwe mto.

Siku ya nne, Jumatatu, akitoka shule, Chiriku alipita mbele ya duka la fundi kwa upande wa pili wa barabara. Hakukuwa na mteja hata mmoja. Fundi alikuwa amekaa anafuta gurudumu lililokuwa safi tayari. Alilifuta, akaligeuza, akalifuta tena.

Jioni ile fundi alikuja kumwona mgonjwa. Alikuja na machungwa matano ndani ya mfuko, na Mjomba Spika akasimama mlangoni akaujaza mlango wote.

"Umekuja kuangalia kazi yako?"

Fundi alimtazama Chiriku aliyekuwa nyuma ya mjomba, ameshika kijiko. Alimtazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayesubiri mwenzake avuke barabara. Kisha akaweka machungwa kizingitini. "Nilichosema nilikisema," alisema. "Mgonjwa apone kwanza." Akageuka kuondoka, na kwa nyuma shati lake lilining'inia kama limetundikwa kwenye waya.

Alikuwa amefika kwenye ngazi Chiriku alipotoa sauti. Haikuwa sauti yake ile ya siku zote. Ilikuwa nyembamba na imepasuka.

"Pedali bado hazilali."

Mjomba akageuka. Kutoka kitandani mama akauliza ni nini. Chiriku akaingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda, akayarudia maneno yale jinsi alivyoambiwa, kisha akasema mengine yote: kwamba mama hakumtuma, kwamba fundi alikataza mtu kupanda, kwamba safari njema hakuisema fundi bali aliisema yeye. "Niliona damu kwenye kandambili," alisema. "Nilitaka upumzike siku moja mapema." Baada ya hapo akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Mama alikuwa anatazama dari. Machozi yalimtoka upande ule wa uso uliochubuka, na chumvi yake ilimchoma, lakini hakuyafuta, kwa kuwa mkono wa kufutia ndio uliokuwa ndani ya hogo.

Mjomba Spika ndiye aliyekuwa katika hali mbaya kuliko wote. Mwishowe alikwenda kizingitini, akaokota machungwa, akamshika fundi mkono na kumwingiza ndani, akampisha kwenye kiti chake.

"Kwa nini hukujitetea?" alimuuliza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa ananong'ona.

"Ningemshtaki mtoto mbele ya mama yake mgonjwa, ningekuwa nimeshinda nini?" Fundi alisema. "Na mimi nina langu. Ujumbe ule ulikuwa mzito, nikamtwika mtoto kwa sababu mikono yangu ilikuwa na grisi. Ningekuja mwenyewe." Akamgeukia Chiriku. "Lakini wewe umefika, mwanangu. Umechelewa, ila umefika."

Kesho yake Mjomba Spika na Chiriku walitoka pamoja. Walikwenda bombani, kwa kinyozi, na kwenye mashine ya kusaga, mahali palepale na kwa mpangilio uleule. Mjomba alitangaza kwamba Fundi Spoku ni mtu mwaminifu na yeye mjomba ni debe tupu, na Chiriku, mbele ya watu, akaeleza sababu kwa mdomo wake. Kwa kinyozi walimcheka. Bombani mama mmoja alisonya. Hakuna aliyempa pipi kwa kusema kweli. Hata hivyo, jioni ile kulikuwa na baiskeli mbili mbele ya duka la fundi.

Mwisho wa mwezi meza ya pasi ilipewa mtu mwingine, kama ilivyoahidiwa. Chiriku alikwenda kwa dobi peke yake, na sare yake ya shule, akamweleza msimamizi kwamba kosa halikuwa la mama. Msimamizi alimsikiliza. Hakuweza kuirudisha meza, lakini hogo lilipotolewa alimpa mama kazi ya kukunja mashuka, ya kukaa kitini, kwa mshahara uliopungua. Pasi yenyewe mama asingeiweza tena. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikataa kujikunja mpaka mwisho, na mpaka leo vinakataa.

Fundi aligeuza gurudumu, akafunga friwili, akamwita mama alizungushe mwenyewe, na Chiriku aangalie. Pedali zilisimama, gurudumu likaendelea na safari yake likilia *tik tik tik*. Fundi akawaonyesha kengele mpya inayong'aa. Mama aliikataa kwa adabu. Ile iliyobonyea ilinyooshwa kwa nyundo ndogo, lakini haikurudia kusema *ring*. Inasema *kro*, kama chura mwenye mafua.

Jioni ya siku ile mama aliweka miguu yake ndani ya beseni, akamwita Chiriku akae karibu.

"Sikuoni mbaya," alisema. "Ulinionea huruma. Lakini huruma iliyofichwa ndani ya uongo ni maji safi ndani ya chombo kichafu, anayekunywa anaumwa vilevile. Baba yako alitufundisha kupumzisha miguu mteremkoni. Hakumfundisha mtu kupumzisha ulimi palipo na ukweli wa kusema. Wewe unasema mchana kutwa, mwanangu, na sijawahi kukuzuia. Sema yote unayotaka. Ila lile linalokukaa kooni, lile gumu, lianze hilo."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Aliuchukua mkono ule wa kulia akauosha pia, kidole kwa kidole.

Tangu hapo, kila asubuhi kukipambazuka, Chiriku humfungulia mama mlango wa uani, na mama, akiwa ameshashika usukani kwa vidole vitatu, hugeuka na kuuliza, "Fundi hakusema lolote?"

Ndipo Chiriku humwambia yote: kwamba tairi la nyuma limepungua upepo kidogo, kwamba mnyororo unataka mafuta kabla ya Jumamosi, kwamba breki ya kushoto inalia, na kwamba jana alivunja kikombe na kukificha nyuma ya ndoo. Mama husikiliza mpaka mwisho, hata akichelewa dakika moja. Kisha huondoka, huupanda mlima wote bila kupumzika, na Chiriku husimama uani akisubiri, kimya kabisa, mpaka kutoka kule juu kwenye tangi la maji aisikie ile *kro*.